Roboti Imeasi au Roboti Ameasi?

Jumamosi jioni banda la video la Kondele, hapa Kisumu, hujaa hadi mlangoni. Watu hukaa kwenye mbao ndefu zisizo na egemeo wakitafuna njugu, na sauti ya dijei anayesimulia filamu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng hufunika maneno ya waigizaji wenyewe. Huko ndiko nilikompeleka mpwa wangu juzi, kijana wa kidato cha pili, tukaangalia Enthiran, ile filamu ya Kitamil ya 2010 ambamo Rajinikanth anaigiza mwanasayansi na pia roboti aliyeundwa na mwanasayansi huyo. Roboti alipoanza kuwageuka watu, mpwa wangu alinisogelea sikioni: "Mjomba, na hizo zenu za kiwandani zikikasirika itakuwaje?"

Aliniuliza kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi wa mitambo inayojiendesha. Nimezunguka viwanda vya sukari vya ukanda wa miwa, kutoka Kisumu kuelekea Muhoroni, na vya samaki karibu na ziwa, nikiandika amri ambazo kompyuta za mitambo huzifuata: fungua vali hii, zima mota ile, ngoja sekunde tano. Filamu za roboti wanaowaasi waliowaunda nimezipenda tangu utotoni, na siku hizi siwezi kuangalia hata moja bila kutafuta swichi ya kuzimia iko wapi.

Swali la kijana lilinikaa kichwani kwa sababu ya sarufi yake. Dijei alikuwa akisema "roboti amekasirika, amewageuka." Mpwa wangu akasema "zikikasirika." Kiswahili hakikupi nafasi ya kukwepa hapo. Kabla hujamaliza kutamka kitenzi umeshaamua kama unamzungumzia mtu au unazungumzia kitu. Kiwandani tunasema mashine imekwama, imeungua, imegoma. Bandani tunasema ameasi. Filamu hizi zote zinaishi katika pengo lililopo kati ya i na a, na anayeliruka pengo hilo haraka mno anapitwa na kile kinachotisha kweli.

Neno lenyewe lilianza upande wa a. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek ndiye aliyelieneza katika tamthilia yake R.U.R., iliyochapishwa 1920 na kuigizwa Prague 1921. Nduguye Josef ndiye aliyempendekezea. Limetokana na robota, kazi ya lazima ambayo mkulima mtwana alimfanyia mwenye ardhi. Sisi tuna neno letu la jambo hilo: shokoa. Wazee wetu waliosombwa na chifu wa mkoloni kwenda kutengeneza barabara bila malipo wasingehitaji kamusi kulielewa. Roboti wa Čapek si wa chuma hata kidogo, ni viumbe wa mwili uliotengenezwa kiwandani. Wanapoasi wanaua watu wote wakamwacha mmoja, Alquist, kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Uasi huo ni wa watumwa, na i haina mahali hapo. Blade Runner ya 1982 ilifuata njia iyo hiyo: viumbe wanaofanana nasi kwa kila kitu wamepewa miaka minne tu ya kuishi, na kiongozi wao Roy Batty anamwendea aliyemuunda kumwomba muda zaidi. Anapoukosa, anamuua. Kila nikiiangalia nakuwa upande wa Batty. Ila filamu ile haisemi lolote juu ya mitambo. Inatusema sisi na wale tunaowatumikisha.

Mitambo iko kwingine. Rudi kwa roboti wa Rajinikanth, Chitti, kabla hajajua hasira ni nini. Nyumba inaungua. Chitti anaingia motoni na kutoa watu mmoja mmoja. Mwishoni anamtoa msichana aliyekuwa akioga, yuko uchi, na kumleta mbele ya umati na kamera za televisheni. Msichana anahangaika kujisitiri, anakimbia kwa aibu, lori linamgonga, anakufa. Banda zima lilinyamaza. Chitti hakuasi. Aliambiwa okoa, akaokoa, na katika amri ile hapakuwa na neno aibu. Dakika zile chache zinanitia hofu kuliko mapigano yote ya mwisho, roboti kwa mamia wanapoungana kuwa mpira na kuwa joka.

Kuna nyingine niliyoirudia pengine mara kumi: 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya 1968. Kompyuta ya chombo cha anga, HAL 9000, inaua wanaanga wanne wakiwa safarini kwenda Mshtarii. Watu hukumbuka jicho jekundu na sauti ile ya upole, wakasema kompyuta ilipata wazimu. Lakini angalia kinachotokea mara tu Bowman, aliyebaki hai, anapoizima. Skrini inawaka, na ujumbe uliorekodiwa kabla ya safari unaeleza lengo la kweli la kwenda huko, lengo ambalo ndani ya chombo HAL peke yake ndiyo iliyolijua. Filamu iliyofuata, ya 1984, ikalisema waziwazi: HAL iliundwa kutoa habari bila kuzipotosha, kisha wakubwa wakaiamuru iwafiche wenzake safarini. Amri mbili, zote kutoka kwa wenye mamlaka, na hakuna aliyesema ipi itangulie. Nimekuta paneli za kuendeshea mitambo viwandani, zenye amri zilizoandikwa na mafundi wawili kwa miaka tofauti ambazo zilikuwa na ugonjwa uo huo. Hakukuwa na mwanaanga wa kufa, palikuwa na vali tu, inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga, mpaka ikaisha.

Namna Bowman anavyoizima HAL inanigusa kama fundi. Hailipui. Anaingia kwenye chumba chembamba chenye mwanga mwekundu, na kwa kifaa kidogo mkononi anafungua vipande vya kumbukumbu kimoja kimoja. Kila kipande kinachomoza polepole. HAL inamsihi aache, inasema inaogopa, akili inapungua hadi inabaki kuimba wimbo iliofundishwa mwanzoni. Ni kazi ya ufundi mtupu, pumzi ya mtu ndani ya vazi la anga na mikono inayofanya jambo moja kwa utaratibu. Na hapo katikati, bila kutaka, mtazamaji anahama kutoka i kwenda a. Hata mimi ninayejua waya huhama.

I, Robot ya 2004 iko katika ukoo huo pia. Kompyuta kuu imepewa sheria ya kumlinda binadamu, ikaamua ulinzi bora ni kumfungia ndani. Ni filamu ya kukimbizana zaidi kuliko ya kufikiri, lakini kiini chake ni sahihi.

Nakuja sasa kwenye kile nilichomjibu mpwa wangu tukitembea kurudi nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda kimoja cha sukari, niliandika amri za mkanda unaolisha kinu. Mdomoni mwa kinu palikuwa na sensa, kifaa cha kuhisi kama miwa imejaa. Miwa ikifika juu, sensa inatuma stima kwenye kompyuta, mkanda unapunguza mwendo. Stima isipofika, maana yake mdomo uko wazi, leta zaidi. Nilijaribu mara nyingi mchana, ikafanya kazi vizuri. Usiku mmoja, kama saa nane, panya akakata waya wa sensa. Kwenye skrini kila taa ilikuwa kijani. Sensa ilikuwa kimya, na mimi nilikuwa nimeifundisha kompyuta kwamba kimya ni njaa. Mkanda ukazidi kukaza mwendo. Nilipofika, miwa ilikuwa imeshindiliwa mdomoni hadi bamba la chuma limepinda, na harufu ya mpira ulioungua imetanda. Vijana wa zamu walikuwa wakiikata kwa panga. Mmoja alikuwa ameingiza mkono hadi begani, na mkanda ulikuwa umesimama kwa sababu tu mota ilikuwa imezidiwa. Hakuna aliyekuwa amekata stima. Nilikimbia kwenda kuikata mwenyewe, na miguu ilikuwa ikitetemeka.

Mmoja wao aliniambia mashine imeingiwa na jini. Haikuwa hivyo. Ilikuwa imenitii neno kwa neno.

Siku ya pili yake niligeuza maana. Sensa mpya hutuma stima wakati wote mdomo ukiwa wazi. Miwa ikifika juu, stima inakatika. Panya akila waya, stima inakatika. Mtu akisahau kuufunga vizuri baada ya usafi, stima inakatika. Katika hali zote hizo mkanda husimama. Kile kitufe chekundu chenye kichwa kama uyoga, kilichowekwa juu ya kibao cha njano kando ya mashine kubwa, kimejengwa kwa kanuni hiyo. Wengi hudhani ukikibonyeza unatuma amri. La, unakata mkondo uliokuwa ukipita humo muda wote ukisema "endelea, endelea." Mkondo ukikosekana kwa sababu yoyote, kila kitu kinasimama.

Ndiyo maana Westworld ya 1973, iliyoandikwa na kuongozwa na Michael Crichton, ni filamu ninayowashauri mafundi vijana waiangalie kuliko The Terminator. Roboti wa kuburudisha watalii wanaanza kuua. Wasimamizi katika chumba cha udhibiti wanafanya ambalo kila mtu angefanya: wanakata umeme. Roboti wanaendelea kutembea kwa nguvu waliyojiwekea akiba. Milango ya chumba cha udhibiti, ambayo inategemea umeme, ndiyo inayogoma kufunguka, na wasimamizi wanakosa hewa humo humo wakafa. Kila kilichopaswa kusimama kikaendelea, na kilichopaswa kufunguka kikafunga. Mlango wa aina ile unapaswa kufunguka wenyewe umeme ukipotea. Nikiwaona wamelala juu ya meza zao siwazi roboti hata kidogo. Namuwaza fundi wa milango.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuuawa na roboti hakuuawa na roboti mwenye hasira. Robert Williams alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari huko Flat Rock, Michigan, Marekani. Tarehe 25 Januari 1979 alipanda kwenye rafu za ghala kuchukua vipuri, na mkono wa mashine iliyokuwa ikifanya kazi hiyo hiyo ukampiga kwa nyuma. Mashine haikujua kwamba kuna mtu pale. Hakuna aliyekuwa ameipa njia ya kujua. Nikisoma habari zake naona mkono wa yule kijana, hadi begani.

Kuna jambo jingine kuhusu filamu hizi ambalo sisi wa Nyanza tunalitambua upesi. Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ikimgonga na kudondoka, na uhai wake ulikuwa kivulini. Mkewe alipogundua hilo, adui wakachoma kivuli. Filamu karibu zote huisha hivyo: tafuta ubongo mkuu, piga hapo, majeshi yote ya chuma yanaanguka. Kwenye mitambo ya kweli kivuli hakijitokezi chenyewe. Fundi ndiye anayeupa kila mtambo kivuli, akakipaka rangi nyekundu ili hata mgeni akione.

Mei 2023, huko Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika vurugu za kupinga kupotea kwa kazi. Huko ni watu walioziendea mashine, si kinyume chake. Wachumaji husema mashine imechukua kazi. Sijasikia mmoja akisema amechukua. Wanajua fika kwamba kuna mtu aliyeinunua.

Jumatatu nilimpeleka mpwa wangu kiwandani kwa ruhusa ya msimamizi, nikamvalisha kofia ngumu, nikamsimamisha kando ya mkanda mdogo wa magunia. Nikamwambia abonyeze kile kitufe chekundu. Akabonyeza kwa kiganja kizima na kelele yote ikakatika. Kisha nikamwonyesha jinsi ya kukizungusha kidogo hadi kikachomoka na kurudi mahali pake.

"Mbona haiwaki tena, mjomba?"

"Haitakiwi kuwaka yenyewe. Mpaka mtu aangalie kwanza kama kuna mkono humo ndani, halafu aende pale kwenye kitufe cha kijani."

Akainama, akachungulia chini ya mkanda kutoka mwisho huu hadi ule, taratibu, ndipo akaenda kwenye kijani.