Kabla ya kununua gambuti: anza na mguu, kisha ardhi utakayokanyaga

Mvua zikianza kunyesha mfululizo, gambuti hutolewa stoo na kupangwa mbele ya maduka, na wanunuzi wengi huzichagua kwa namna moja. Wanatazama rangi, wanatazama urefu wa shingo, wanabonyeza mpira kidogo kwa kidole, kisha wanauliza: "Haivuji?" Swali hilo ni la haki, ila ndilo jepesi kuliko yote. Gambuti mpya karibu zote hazivuji. Hazina mshono wa uzi wala matundu ya kamba, kwa hiyo hata ile ya bei ya chini kabisa itazuia maji angalau kwa msimu wake wa kwanza. Nzuri na mbaya hutofautiana kwa mambo mawili yasiyoonekana haraka dukani: jinsi gambuti inavyoushika mguu wako, na jinsi inavyoishika ardhi.

Sisi tunaofanya kazi ya usalama na afya mahali pa kazi tunaliona hili kila mvua zinaporudi. Mtu ameteleza akategua kifundo, mwingine ana malengelenge yaliyopasuka yakaingia uchafu, mwingine ngozi ya katikati ya vidole imechubuka kwa fangasi. Ukimuuliza alikuwa amevaa nini, anajibu gambuti, tena mpya. Hakuna hata tone la maji lililopenya.

Kwa hiyo tuanze na mguu. Upime alasiri au jioni, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyosonga, na uvae soksi zilezile utakazovaa ndani ya gambuti. Simama juu ya karatasi, uzito wa mwili ukiwa kwenye mguu unaopimwa, kisha weka alama nyuma ya kisigino na kwenye ncha ya kidole kilichotangulia kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali cha pili. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili. Ni kawaida mmoja kuuzidi mwingine, na saizi hufuata ule mkubwa.

Ongeza sentimita 1 hadi 1.5 ili vidole vipate nafasi. Saizi za Ulaya, ambazo utazikuta kwenye gambuti nyingi, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo ukizidisha urefu uliopata kwa 1.5 utapata namba ya kuanzia. Mguu wa sentimita 26 ukiongezewa 1.5 unakuwa 27.5, na hiyo mara 1.5 ni 41 na ushee. Jaribu 41 kwanza, kisha 42. Gambuti nyingi hazitengenezwi kwa nusu saizi. Ukijikuta katikati, chukua kubwa na uiwekee soli ya ndani inayotolewa. Usichukue ndogo ukitumaini itajipanua. Ngozi hulegea taratibu ikafuata umbo la mguu, lakini mpira na plastiki hurudi pale pale zilipotoka kiwandani, na kidole kilichobanwa siku ya kwanza kitabanwa hadi siku ya mwisho.

Kisigino ndicho ninachotaka ukiangalie kuliko kitu kingine chochote. Kiatu cha kamba unaweza kukikaza ukakilegeza upendavyo. Gambuti haina kamba. Kinachouzuia mguu usichezecheze ni umbo lake pale juu ya unyayo na nyuma ya kisigino, basi. Tembea nayo dukani, si hatua mbili tatu mbele ya kioo, bali mwendo wa kweli, ugeuke, urudi kinyumenyume. Kisigino kikiinuka kidogo ndani, chini ya sentimita moja, hilo ni la kawaida. Kikiinuka zaidi, soksi itateremka na kujikunja chini ya unyayo, ngozi itasuguliwa hadi ichubuke, na siku utakapokanyaga tope zito mguu utachomoka na kuiacha gambuti imekwama. Hapo ndipo watu huanguka. Kisha chuchumaa. Shingo isikuchome nyuma ya goti, na mkunjo unaojitokeza kwenye kifundo usikufinye. Panda ngazi kama ipo. Muuzaji akikunyima nafasi ya kufanya hivi, tafuta mwingine.

Kuna jambo linaloniudhi na ni lazima nilitaje. Gambuti nyingi za kazi zinazouzwa kwa wanawake ni gambuti zilizoundwa kwa kipimo cha mguu wa mwanamume, zikapunguzwa urefu tu. Mguu wa mwanamke mara nyingi ni mwembamba zaidi kisiginoni, na shavu la mguu huanza chini zaidi, kwa hiyo gambuti hizo hulegea chini na kubana juu kwa wakati mmoja. Soksi mbili si dawa yake. Ni haki ya mfanyakazi kuomba gambuti zilizotengenezwa kwa mguu wake, na mwajiri anayenunua gambuti za aina moja kwa watu wote hajawakinga wote. Kwa watoto kosa ni la upande mwingine: wazazi hununua kubwa mno ili mtoto azikulie. Nafasi ya sentimita moja na nusu inamtosha; zaidi ya hapo mtoto anaburuta miguu na kujikwaa.

Sasa ardhi. Pindua gambuti utazame soli, na ujiulize utasimama wapi muda mwingi. Shamba lenye tope na sakafu ya vigae iliyolowa haziwezi kuhudumiwa vizuri na soli moja. Kwenye tope unahitaji meno marefu yaliyoachana, ili yazame na kung'ata, na ili tope lianguke lenyewe unapoinua mguu. Meno yakisongamana, tope hujaza mifereji, na baada ya hatua chache unatembea juu ya soli laini tupu. Kwenye vigae, saruji iliyosuguliwa au sakafu ya jikoni, mambo hugeuka. Adui hapo ni utando mwembamba wa maji kati ya soli na sakafu. Unahitaji soli ya mpira laini inayogusa sakafu kwa eneo kubwa, yenye mifereji midogo mingi ya kuyasukuma maji pembeni. Soli ngumu ya plastiki, hata iwe na meno marefu kiasi gani, itateleza hapo. Ibonyeze kwa ukucha: ikiwa ngumu kama ndoo, iache kwa ajili ya shamba. Tazama pia kama kisigino kina ngazi, yaani kimeshuka kuliko katikati ya soli. Ngazi hiyo hukuzuia kuteleza unaposhuka mteremko na hukaa vizuri kwenye kidato cha ngazi ya kupandia. Anayechimba kwa sepetu ahakikishe katikati ya soli pana bamba gumu, la sivyo unyayo utamuuma kabla ya adhuhuri.

Gambuti za kazi hubeba alama, na inafaa kuzielewa ili usilipie usichohitaji. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 ni cha viatu vyenye kinga ya vidole inayostahimili pigo la jouli 200, karibu sawa na kitu cha kilo 20 kinachoanguka kutoka mita moja. ISO 20346 ni jouli 100, na ISO 20347 haina kinga ya vidole kabisa. Kwenye kundi la kwanza, gambuti za mpira au plastiki tupu huandikwa S4, na S5 huongeza soli isiyotobolewa kwa urahisi na yenye meno. Mtu anayekwenda dukani mvua ikinyesha hana haja ya chuma vidoleni. Kitamwongezea uzito na baridi bure. Lakini anayesafisha mabaki ya nyumba baada ya mafuriko, ambako misumari imelala chini ya tope bila kuonekana, namshauri asikubali chini ya S5. Msumari mchafu ukipenya unyayo huleta hatari ya pepopunda.

Kwenye utelezi, toleo la 2011 la kiwango hicho lilitumia alama za SRA, SRB na SRC, kulingana na sakafu iliyotumika kwenye jaribio. Katika toleo la 2022 jaribio la vigae vyenye maji ya sabuni limekuwa la lazima, na alama ya SR inaonyesha kwamba kiatu kimefaulu pia kwenye vigae vilivyopakwa gliserini, majimaji mazito yenye utelezi. Majaribio hayo yote ni ya sakafu, hayakufanywa kwenye tope. Gambuti yenye SR inaweza kukuangusha kwenye mteremko wa udongo, kwa hiyo alama hiyo isikufanye uache kuitazama soli kwa macho yako.

Na umeme. Watu wengi huamini kwamba mpira ni mpira, basi gambuti yoyote itawakinga na nyaya zilizoanguka baada ya dhoruba. Si kweli. Gambuti za kawaida hazijapimwa kwa kazi hiyo, huenda zina chuma ndani, na zikilowa nje na ndani umeme hupata njia. Kaa mbali na waya ulioanguka, na mbali na maji yanayougusa, hata ukiwa umevaa gambuti za kufika gotini.

Kuhusu malighafi nitasema kwa ufupi. Plastiki ya PVC ni ya bei nafuu na hustahimili uchafu mwingi, ila baridi kali huifanya ngumu, na ikiwa ngumu huteleza na hatimaye hupasuka kwenye mkunjo. Mpira wa asili ni mzito zaidi lakini hunyumbulika vizuri na hushika ardhi vizuri. Udhaifu wake ni mafuta ya petroli na grisi, ambayo huufanya uvimbe na kulainika. Ukiona unga mweupe juu ya gambuti ya mpira wa asili usiidhanie mbovu, kwani ni viambato vyake vinavyopanda juu, na kitambaa huufuta. Poliyurethani, aina nyingine ya plastiki, ni nyepesi na hutunza joto kwa sababu ina vipovu vya hewa ndani yake. Kwa anayesimama siku nzima kwenye baridi ningechagua hiyo, mradi asiifungie stoo yenye joto na unyevu kwa miaka, maana soli yake humeguka. Neoprini, mpira laini wa kiwandani, huwekwa zaidi kwenye shingo, hukumbatia mguu na kutunza joto, na kwenye hali ya joto itakuchosha.

Urefu wa shingo ufuate kina cha maji unayoyategemea, si mtindo. Fupi inatosha kwa nyasi zenye umande na njia zenye madimbwi. Panapokuwa na nyoka, chagua zinazofika chini ya goti, kwa kuwa nyoka wengi humuuma mtu sehemu ya chini ya mguu. Maji machafu yaliyosimama huleta pia homa ya mgunda, inayotokana na bakteria waliomo kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, ambao hupenya kwenye michubuko. Na udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi hubeba mabuu ya minyoo ya safura yanayotoboa ngozi isiyofunikwa. Huko gambuti ni kinga ya afya hasa. Lakini usiingie nazo kwenye maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 tu za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na gambuti zilizojaa maji ni nzito mno kuinua unapotafuta kutoka.

Hata ukichagua vizuri, gambuti inayozuia maji kuingia huzuia pia jasho kutoka. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanajeshi wa Uingereza waliokaa kwenye mahandaki yaliyojaa maji waliugua kwa maelfu: mguu unakufa ganzi, unavimba, unabadilika rangi, na ukiachwa nyama inaoza. Waliletewa gambuti kwa wingi. Kampuni ya North British Rubber Company ya Edinburgh peke yake ilitengeneza zaidi ya jozi milioni moja. Zilisaidia, ila hazikutosha. Ilibidi miguu ikaguliwe kila mara, ikaushwe, ipakwe mafuta ya nyangumi na soksi zibadilishwe. Ugonjwa huo hauhitaji barafu, kwani huweza kumpata mtu hata kwenye nyuzijoto 15 akikaa na miguu iliyolowa saa nyingi. Vaa soksi za sufu au za nyuzi zinazopitisha unyevu badala ya pamba, ambayo hunywa jasho na kulishikilia kwenye ngozi. Zipande juu ya ukingo wa gambuti au zilingane nao, beba jozi ya pili, na zivue gambuti wakati wa chakula cha mchana. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia aikague kila jioni, maana lengelenge asilolisikia linaweza kuwa kidonda kikubwa. Na gambuti za kazini zisivaliwe kwa zamu na watu tofauti, kwani fangasi husafiri nazo.

Ukifika nyumbani zioshe tope kwa maji ya kawaida, toa soli ya ndani, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa na uyabadilishe yakilowa. Zikaukie kivulini, mbali na moto. Unaponunua zilizotumika, zikunje pale vidole vinapopindia na utazame kwa tochi, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Kisha linganisha meno ya visigino vyote viwili. Kuhakikisha hazivuji, weka karatasi kavu ndani, simama kwenye beseni la maji kwa dakika kumi, na uangalie karatasi imelowa wapi. Tundu la ubavuni kwenye mpira wa asili huzibwa kwa kiraka na gundi ya tyubu ya baiskeli baada ya kukwaruza na kusafisha pale. PVC inahitaji gundi yake yenyewe. Ufa ulio kwenye mkunjo wa vidole hauzibiki kwa muda mrefu, kwa sababu kila hatua inaufungua upya. Gambuti ya namna hiyo iondolewe kwenye kazi za maji machafu siku hiyohiyo.