Nyangumi muuaji hula alichofunzwa na mama yake

Kila nikifika kwenye mada ya wanyama wawindaji, wanafunzi wangu hapa Mbeya huniuliza habari za nyangumi muuaji kabla sijamtaja. Wamemwona kwenye video za simu akirusha sili hewani au akimgeuza papa tumbo juu, na swali lao ni moja: ni kweli anakula chochote kinachoogelea? Darasani muda wa kulijibu ipasavyo haupo. Ukisema ndiyo umewapotosha, ukisema hapana umewapotosha vilevile. Kazi yangu ni ikolojia ya samaki, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Lakini katika kusoma jinsi viumbe wanavyogawana chakula majini, sijakutana na mnyama aliyenibadilisha fikra kama huyu. Leo nimeamua kumwandika kwa kirefu.

Nyangumi muuaji, au orka, yumo katika familia ya pomboo, naye ndiye mkubwa kuliko pomboo wote. Dume aliyekomaa anaweza kufikia urefu wa mita 9 na uzito wa zaidi ya tani 6. Anapatikana katika bahari zote, kuanzia kwenye barafu za Antaktika hadi maji ya joto ya Bahari ya Hindi, ingawa pwani yetu huonekana kwa nadra. Ukikusanya kumbukumbu zote za alichowahi kukutwa amekula, unapata spishi zaidi ya 100: samaki, papa, taa, ngisi, pengwini, kasa, sili, pomboo wenzake, hata nyangumi wa bluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani. Pwani ya Bremer Bay, Australia Magharibi, watafiti wameshuhudia makundi ya orka yakimuua nyangumi wa bluu, majike yakiwa mbele na mmoja wao akiingiza kichwa kinywani mwa windo kula ulimi.

Orodha hiyo ndiyo inayopotosha watu. Ni orodha ya spishi nzima. Ukilifuata kundi moja peke yake, unakuta walaji wachaguzi mno, kiasi kwamba baadhi yao wako tayari kufa njaa chakula kikiwa mbele yao.

Sitii chumvi. Machi 1970, watu waliokuwa wakikamata wanyama wa maonyesho waliwazingira kwa nyavu orka watano katika ghuba ya Pedder, kusini mwa kisiwa cha Vancouver nchini Kanada. Wawili walipelekwa kwenye bwawa la maonyesho. Watatu waliobaki nyavuni walipewa samoni, samaki ambaye orka wengine waliokwisha kamatwa walikuwa wakimla bila shida. Hawa hawakumgusa. Wiki zikapita, wakakonda hadi mifupa ikaonekana chini ya ngozi. Zaidi ya siku 70 zilipokwisha, jike mmoja alikufa. Siku chache baadaye wawili waliosalia wakaanza kula samaki. Baada ya miezi walitoka nyavuni, wakarudi bahari kuu, na walipoonekana tena walikuwa na wenzao wakiwinda mamalia kama zamani.

Wakati ule hakuna aliyeelewa kilichotokea. Jibu lilikuja taratibu kutokana na kazi ya Michael Bigg, mtafiti wa serikali ya Kanada, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake walianza kumpiga picha kila orka waliyemwona. Waligundua kwamba pezi la mgongoni lina makovu na mipasuko inayomtambulisha mnyama mmoja mmoja. Miaka ilivyosonga, picha zikaonyesha jamii mbili zinazotumia maji yale yale bila kuchanganyika. Jamii moja, wakazi, hula samaki. Nyingine, ambayo leo inaitwa kwa jina la Bigg mwenyewe, hula mamalia: sili, simba bahari, pomboo wadogo, ndama wa nyangumi. Hawazaliani, wala hawana milio inayofanana. Watatu wale wa nyavuni walikuwa wala mamalia. Mbele ya samoni hawakuona chakula.

Kwa wakazi, samoni si samoni tu. Ukitoka Kyela utalielewa hili haraka kupitia mbasa, anayeishi ziwani kisha akapanda mitoni wakati wa mvua kwenda kutaga. Samoni naye huzaliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi kupanda mto aliozaliwa. Wako wa aina kadhaa, na orka wakazi wanamtaka hasa yule aitwaye Chinook, mkubwa na mwenye mafuta kuliko wenzake. Hata majira ambayo aina nyingine zinapita kwa mamilioni, wao wanamtafuta Chinook. Kinachonistaajabisha ni jinsi wanavyomtambua gizani. Orka hutoa milio mifupi ya mkato, kisha husikiliza mwangwi unaorudi. Ndani ya samaki kuna kibofu cha hewa, na kibofu hicho hurudisha sauti kwa namna inayotofautiana kati ya aina moja ya samoni na nyingine. Akishamkamata, mara nyingi hamli peke yake. Hung'ata vipande akawagawia ndugu zake, na majike ndio wakarimu zaidi.

Wakazi hupiga kelele muda wote wa kuwinda, kwa kuwa samoni hasikii vizuri sauti zile za juu. Majirani zao hawawezi kufanya hivyo. Sili na pomboo wana masikio makali, kwa hiyo wala mamalia husafiri kimya, katika vikundi vidogo vya watatu hadi sita, wakisikiliza windo lijisaliti kwa sauti yake. Wakishaua, ndipo kimya kinakatika na milio inaanza. Bahari ni ile ile, mwili ni karibu ule ule, lakini tabia zinapingana kabisa.

Hapa ndipo ninapowapeleka wanafunzi ziwani. Samaki wa jamii ya perege waliomo Ziwa Nyasa ni mamia ya spishi, na ukimfungua mdomo mmoja wao pale Matema unaweza kukisia chakula chake. Mwenye meno mafupi yaliyobanana kama brashi hukwangua mwani kwenye mawe. Wako wenye meno ya kung'oa magamba ya wenzao. Huko mwili ndio unaogawa chakula. Kwa orka, mdomo hausemi mengi. Iko jamii ya tatu katika Pasifiki ileile, inayokaa mbali na pwani na kula papa, na wakubwa wao meno yamesagika hadi karibu na fizi kwa ukali wa ngozi ya papa. Meno hayo hayakuumbwa kwa ajili ya papa; papa ndiye aliyeyamaliza. Kilichowafikisha kwenye chakula hicho ni malezi, na malezi yakikaa muda mrefu yanaanza kuacha alama hata kwenye damu. Wakazi na wala mamalia wametengana kwa muda mrefu sana kiasi kwamba mwaka 2024 kundi la wanasayansi lilipendekeza watambuliwe kuwa spishi mbili, Orcinus ater na Orcinus rectipinnus.

Mbinu nazo ni urithi. Antaktika kuna orka wanaowinda sili waliolala juu ya mabamba ya barafu. Kwanza huinua vichwa juu ya maji, wakamwangalia aliye juu ya bamba ni sili wa aina gani. Wakiona ni sili wa Weddell, hujipanga bega kwa bega, wakaogelea kwa kasi kuelekea bamba na kupiga mikia kwa pamoja. Wimbi linaloinuka linalipasua bamba au kumzoa sili hadi majini. Lisipofaulu la kwanza wanarudia, tena wakati mwingine huisukuma barafu hadi mahali pa wazi ili wimbi lifanye kazi vizuri. Sili wa aina nyingine mara nyingi huachwa. Ushirikiano wa namna hii hauwezekani bila kila mmoja kujua nafasi yake na wakati wake.

Punta Norte, kwenye rasi ya Valdés nchini Argentina, wapo wanaopanda ufukweni. Mwezi wa Machi na Aprili watoto wa simba bahari wanaanza kujifunza kuogelea. Orka hupanda na wimbi hadi kwenye changarawe, humkamata mtoto, kisha hujinyonganyonga arudi majini na wimbi linalofuata. Akikosea hesabu anabaki nchi kavu na kufa. Ni wachache tu wanaoijua mbinu hii, na wadogo huonekana wakifanya mazoezi ufukweni pasipo na windo lolote, wakubwa wakiwa karibu.

Kule Norwei huwakusanya samaki aina ya heringi wakawa donge, wakawapiga kwa mkia chini ya maji hadi wazimie, kisha wakala mmoja mmoja. New Zealand hula taa waliojificha kwenye mchanga.

Afrika Kusini nataka kukaa kidogo zaidi, kwa kuwa ni jirani zetu na habari yenyewe ni ya juzi. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe wakubwa ilianza kusukumwa na maji ufukweni Gansbaai, kifua kikiwa kimepasuliwa na ini halimo. Waliohusishwa na mauaji hayo ni madume wawili ambao mapezi yao ya mgongoni yamelala, wa kwanza kushoto na wa pili kulia, ndiyo maana wakaitwa Port na Starboard kwa lugha ya mabaharia. Ini la papa limejaa mafuta na ni sehemu kubwa ya uzito wake; anayejua hilo hana haja ya kuhangaika na nyama. Papa weupe waliobaki walihama eneo hilo kwa majuma na miezi. Juni 2023, huko Mossel Bay, Starboard alionekana akimuua papa mweupe mchanga akiwa peke yake, kwa muda usiofika dakika 2.

Wanaohifadhi ujuzi huu ni akina mama, na hasa bibi. Jike la orka huacha kuzaa akiwa na umri wa miaka kama 40, lakini anaweza kuishi miaka 80 na zaidi. Ukomo wa uzazi wa namna hiyo ni nadra sana kwa wanyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba majike waliokoma kuzaa ndio wanaoongoza msafara wa wakazi, na uongozi wao unazidi miaka ambayo samoni ni haba. Bibi anakumbuka samaki walikopatikana mara ya mwisho hali ilipokuwa mbaya. Mwanawe wa kiume wa zaidi ya miaka 30, mama yake akifa, hatari yake ya kufa mwaka unaofuata hupanda takriban mara 14. Kila ninapoirudia takwimu hiyo darasani, kunakuwa kimya.

Wengi pia huniuliza kama anakula watu. Hakuna tukio lililothibitishwa la orka wa porini kumuua binadamu. Kwa viumbe wanaokataa hata samaki wasiyemzoea, hilo halinishangazi.

Uchaguzi huo wa chakula una gharama yake. Wakazi wa kusini, wanaoishi kati ya jimbo la Washington na British Columbia, wamebaki karibu 75. Marekani iliwaorodhesha kuwa hatarini kutoweka mwaka 2005. Walipoteza watoto wengi kwa wakamataji wa miaka ya 1960 na 1970, kelele za meli zinawazuia kusikia mwangwi, sumu za viwandani zimejaa kwenye mafuta yao, na zaidi ya yote Chinook wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa mabwawa ya umeme yaliyofunga mito. Majirani zao wala mamalia, katika maji hayohayo, wanaongezeka, kwa sababu sili na simba bahari walilindwa kisheria tangu miaka ya 1970 na sasa ni wengi. Mtu asiyejua angesema basi wakazi nao wale sili. Hawajafundishwa, na hakuna bibi kati yao anayejua pa kuanzia.

Kwa hiyo inabidi samaki ndio warudi. Kwenye mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, mabwawa manne yalibomolewa, kazi ikakamilika mwaka 2024. Wiki chache baadaye Chinook walipita mahali kuta zilipokuwa na kwenda kutaga sehemu ambazo zilikuwa zimefungwa kwa zaidi ya miaka 100. Watoto wa samaki hao watakaa baharini miaka michache wakikua, na baadhi ya koo za wakazi wa kusini hushuka hadi pwani ya California wakati wa baridi kuwatafuta.