Moroni iko mita ngapi? Kimo cha mji wa kisiwani, kikisomwa kutoka Goma

Ukitafuta kwenye intaneti kimo cha Moroni, mji mkuu wa Komoro, utapata nambari zisizolingana. Ukurasa mmoja unauweka mji karibu kabisa na usawa wa bahari, mwingine unaupandisha makumi ya mita. Wanafunzi wangu hapa Goma, mashariki ya Kongo, huniletea simu: «Mwalimu, ipi ndiyo ya kweli?» Huwa nawajibu kwamba zote zinaweza kuwa za kweli, na hakuna hata moja inayomsaidia mtu anayetaka kuielewa Moroni.

Kazi yangu ni ramani na sura ya ardhi, na mfano wa Komoro naupenda kuliko mwingine wowote ninapofundisha kimo. Visiwa vile vimezaliwa na moto wa chini ya ardhi, kama volkano zetu Nyiragongo na Nyamulagira, na watu wake wanaishi juu ya mawe meusi kama sisi. Mtu wa Goma au wa Bukavu akifundishwa kusoma visiwa vya Ngazidja, ilipo Moroni, na Nzwani, anarudi nyumbani akiusoma mji wake kwa macho mengine.

Kwanza, nambari zenyewe zinatoka wapi? Mara nyingi kimo kinachoandikwa kwa jina la mji ni kimo cha uwanja wa ndege, kwa sababu marubani walikipima vizuri zamani. Uwanja wa Moroni uko Hahaya, mwendo wa gari kaskazini ya mji, kwenye mita 28 juu ya bahari. Nambari hiyo ni sahihi kwa njia ya ndege, lakini mjini hakuna inachokuambia. Njia nyingine ni kuchukua nukta moja katikati ya mji na kusoma kimo chake kwenye data za setilaiti au za chombo cha anga. Data zinazotumika sana zilipimwa Februari 2000 na chombo cha Marekani, Endeavour, kilichoizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada. Dunia ikagawanywa vipande vya mita 30 kwa 30 hivi, kila kipande kikapewa kimo kimoja. Rada ile haikuona udongo peke yake: palipo na mwembe ilipima majani, palipo na nyumba ilipima mabati. Na katika mji unaopanda mlima kama Moroni, ukiisogeza nukta hatua mia tatu kuelekea mlimani umepata mji mwingine.

Halafu kuna suala la sifuri. Simu yako inapokea kutoka setilaiti kimo kinachohesabiwa kutoka umbo la dunia la kihesabu, yai laini lisilo na mabonde. Bahari halisi hailifuati umbo hilo. Mvuto wa ardhi unaivuta juu huku na kuishusha kule. Katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, uso wa maji uko chini ya umbo hilo la kihesabu. Ndiyo maana programu isiyofanya masahihisho inaweza kumwambia mtu aliyesimama gatini, viatu vikavu, kwamba yuko chini ya bahari. Hapa Goma kosa hilohilo halionekani, kwa sababu nani atashtuka kuona mita 1,485 badala ya 1,500?

Haya ni ya utangulizi. Jambo lenyewe ni hili: katika mji ulio chini ya volkano, ulizeni kuna nini juu ya mji na mji umekalia mwamba wa umri gani. Majibu mawili hayo ndiyo yanayoamua maji, mafuriko na hatari ya moto wa volkano.

Chukueni kalamu. Kilele cha Karthala, volkano ya Ngazidja, ni mita 2,361. Cha Nyiragongo ni mita 3,470. Ukiishia hapo utasema mlima wao ni mdogo kwa wetu kwa zaidi ya kilomita nzima. Lakini Goma yenyewe imekaa kwenye mita 1,500 hivi, na Ziwa Kivu liko mita 1,460. Mtu aliyesimama Birere, katikati ya Goma, ana mlima wa mita zisizofika 2,000 juu ya kichwa chake, umbali wa kilomita 18 hivi. Aliyesimama bandarini Moroni ana mita zote 2,361 juu yake, umbali wa kilomita 15 hivi. Gawanya: kwetu ardhi inashuka wastani wa mita 110 kwa kila kilomita, kwao karibu mita 157. Mji unaoandikwa «usawa wa bahari» ndio wenye mteremko mkali zaidi juu yake.

Wastani huo nao unaficha umbo. Nyiragongo ina kuta kali juu, kisha inalegea inapokaribia mji. Karthala ni volkano pana yenye mgongo wa mviringo, na kasoko yake ya juu ina upana wa kilomita tatu kwa nne hivi. Kutoka baharini haionekani kama mlima wa kutisha. Inaonekana kama kisiwa kilichovimba, na wageni wengi hawatambui kwamba wamelala juu ya volkano yenyewe.

Tena lava hailazimiki kutoka kileleni. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, Nyiragongo ulipasuka ubavuni, nyufa zikashuka kusini hadi karibu na Munigi, na lava ikakata mwisho wa kaskazini wa uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama upande wa Buhene, kabla ya kuufikia uwanja. Wazee wanaikumbuka pia tarehe 10 Januari 1977, lava nyepesi ilipotelemka mteremko kwa kasi na kuwafikia watu kabla hawajakimbia. Miezi mitatu tu baadaye, Aprili 1977, ubavu wa Karthala ulipasuka kusini-magharibi ya Ngazidja, chini kabisa ya kilele, na lava ikakifunika kijiji cha Singani. Mwaka mmoja, volkano mbili, somo moja la ramani: ukipima hatari kutoka kileleni peke yake unajipa umbali ambao huna. Nyufa kubwa za Karthala zinaelekea kaskazini na kusini-mashariki ya kilele, na mlipuko wa Singani unaonyesha kwamba hata nje ya mistari hiyo ubavu unaweza kufunguka. Kwa kila kijiji cha Ngazidja mimi huuliza: ufa wa karibu uko wapi, na kati ya ufa na nyumba ya kwanza kuna mita ngapi za kushuka?

Kuna na hatari inayotafuta mahali pa chini. Hapa tunaijua kwa jina la mazuku: hewa nzito ya kaboni inayokusanyika mabondeni, upande wa Bulengo na Ziwa la Kijani, na kuua mbuzi asubuhi kabla upepo haujavuma. Ngazidja nayo imeonja sumu ya mlima: mwaka 1903 watu 17 walikufa kwa gesi za Karthala. Kwa hatari ya namna hii tofauti ya mita mbili au tatu inatosha kuua au kuokoa, na data za vipande vya mita 30 haziioni kabisa. Hapo hakuna njia isipokuwa kwenda kwa miguu na kipimo, ukiongozwa na wenyeji.

Sasa maji, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Moroni inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na misitu ya ubavu wa magharibi wa Karthala inapata nyingi zaidi. Na bado Ngazidja nzima haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima! Mwamba wake ni mchanga kwa umri, umejaa mipasuko na matundu, mvua inaingia palepale ilipoanguka. Mtu wa Ndosho au Majengo, mitaa ya Goma, anaelewa mara moja. Sisi nasi tunanyeshewa sana, na mjini hatuna kijito. Maji yanapandishwa kutoka ziwani kwa pampu, na pampu zikikwama ni bidoni za njano na chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo.

Yale maji yanayozama Ngazidja yanakwenda wapi? Yanashuka hadi yanapokutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kisha yanaelea juu yake, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wawili, Ghyben na Herzberg, waliacha kanuni inayokumbukwa kirahisi: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi chini yake kabla ya kufika kwenye chumvi. Ukivuta sana kisimani ukashusha uso wa maji matamu kwa nusu mita, chumvi inajongea juu kwa mita 20. Ndiyo maana visima vya pwani ya Ngazidja vina ladha ya chumvi.

Hapo ndipo kimo kinapogeuka kuwa suala la maisha. Maji hayo yako karibu na usawa wa bahari popote ulipo kisiwani. Kijiji kilicho mita 400 juu, kama vile vya njia ya Mvouni wanakoanzia wapanda mlima, kingehitaji kuchimba karibu mita 400 za mwamba mgumu. Nani atalipia? Kwa hiyo vijiji vya juu, pamoja na vile vya nyanda za Diboini kati ya Karthala na mlima wa La Grille, vinaishi kwa maji ya mvua yaliyowekwa kwenye matangi ya saruji. Karthala iliporusha majivu Novemba 2005, majivu yaliingia kwenye matangi hayo. Watu wa pwani walibaki na visima vyao vya chumvi, wa juu wakakosa hata hivyo.

Majivu yalifanya na jingine lisiloonekana upesi. Yaliziba matundu ya mwamba kwenye mabega ya mlima. Mvua iliyozoea kuzama ikaanza kutiririka, kwenye ardhi isiyo na mto wa kuipokea. Aprili 2012 mvua kubwa zilipoanguka, maji ya matope yalishuka hadi Vouvouni, kusini ya Moroni, mahali penye visima vinavyonywesha mji mkuu. Mabonde makavu ambayo kwenye ramani yalikuwa mistari tu yalikumbuka kazi yake kwa siku moja.

Watu wa Bukavu, nyinyi kisiwa chenu ni Nzwani. Kina kilomita mraba 424 tu, na kilele chake, Ntingi, kinafika mita 1,595. Volkano zake zimezimika zamani. Mvua imekuwa na muda mrefu wa kuchonga, mwamba umeoza ukawa udongo mwekundu wa mfinyanzi, na mfinyanzi hauachi maji yapite haraka. Ndiyo sababu Nzwani ina mito, ina makorongo, na ina maporomoko ya udongo. Mutsamudu, mji wake mkuu, imebanwa kati ya bahari na kilima chenye ngome, ikikua kwa kupanda juu kwa sababu haina pa kutanuka. Aliyeona Kadutu na Funu kule Bukavu, nyumba juu ya nyumba kwenye udongo unaoteleza na mto Kawa ukibeba kila kitu chini, ameiona Mutsamudu bila kupanda ndege. Hata mawe ya Bukavu ni ya volkano za kale, yaliyooza vilevile. Mimi naamini umri wa mwamba unaeleza mji kuliko nambari ya kimo: lava changa inakunyima mto, lava kuukuu inakunyima kiwanja imara. Nzwani inaongezewa na kukatwa miti, pamoja na kuni za kuchemshia maua ya mlangilangi, na baadhi ya mito iliyokuwa haikauki sasa inakauka kiangazi.

Mwali, kisiwa cha tatu cha nchi hiyo, ni kidogo na cha upole zaidi; mji wake, Fomboni, umekaa pwani bila mlima mkubwa kuulemea.

Kuhusu baridi, hesabu ni fupi. Joto hupungua karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mtu wa Goma anayeshuka hadi Moroni ajiandae kwa nyuzi kadhaa zaidi, na unyevu wa bahari juu yake.

Maore (Mayotte), kisiwa cha nne, kinachotawaliwa na Ufaransa na kudaiwa na Komoro, kinatufundisha kwamba sifuri yenyewe inahama. Mwaka 2018 mitetemeko mingi ilianza, na mwaka uliofuata watafiti wakagundua volkano mpya chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki, yenye urefu wa mita 800 hivi kutoka sakafu ya bahari. Miamba iliyoyeyuka ilipotoka huko, kisiwa kilizama kwa zaidi ya sentimita 10. Goma imepitia hayo: baada ya mlipuko wa 2002 ukingo wa ziwa upande wetu ulishuka kwa makumi ya sentimita. Kwa nyumba ya mlimani si kitu. Kwa barabara ya pwani inayofikiwa na maji makuu, kila sentimita ina bei.

Wanaotaka kujaribu wenyewe, programu ya ramani ya QGIS ni ya bure, na data za kimo za Copernicus, za Ulaya, za mita 30 ni mpya kuliko zile za mwaka 2000. Msiishie kwenye nukta ya mji. Choreni mstari kutoka kileleni hadi baharini, tazameni unapolegea na unapokaza, kisha choreni mingine kuanzia kwenye kila ufa unaojulikana. Ondoeni mita chache palipo na miti minene. Na pale ambapo mstari unapita kijijini, mpigieni simu mtu wa hapo mumwulize mvua ya mwisho kubwa ilipita wapi.