Mpangaji anayemla mwenye nyumba

Kuna hadithi ya siku nyingi kutoka visiwa vya Nyuzilandi: kwamba prioni, ndege mdogo wa baharini, na tuatara, mtambaazi anayefanana na mjusi (ingawa si mjusi), hukaa shimo moja kama ndugu. Ndege anachimba, tuatara analinda mlango.

Kukaa pamoja ni kweli. Kisiwani Takapourewa tuatara wengi hulala kwenye mashimo ya prioni. Ulinzi ndio haupo. Prioni hutaga yai moja tu kwa msimu, na tuatara akilikuta hulila. Likianguliwa, kinda nalo huliwa. Kuna nyakati hata mzazi mwenyewe hukutwa hana kichwa.

Faida karibu zote ni za tuatara: nyumba ya bure, joto la mwili wa ndege, na wadudu wanaofuata kinyesi chake. Prioni anapata nini? Mimi sioni kitu.

Wanavumilianaje, basi? Mara nyingi hupishana tu. Mchana prioni yuko baharini akitafuta chakula. Usiku anaporudi, tuatara ameshatoka kuwinda.