Ukaguzi wa protini ndani ya seli: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mnyororo wa protini ukishaungwa, kazi ya seli imekwisha.

Dhana hii ina asili ya heshima. Christian Anfinsen, aliyetunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba mpangilio wa amino asidi, yaani vijenzi vinavyounganishwa kuwa mnyororo wa protini, pekee unatosha kuiongoza protini hadi kwenye umbo lake. Lakini jaribio lake lilifanyika maabara, nje ya seli, kwa protini ndogo iitwayo ribonukliasi. Ndani ya seli kuna msongamano mkubwa, na mnyororo ambao haujajikunja hunatana kwa urahisi na mingine. Ndiyo sababu seli ina protini walezi, yaani shaperoni, ambazo huushika mnyororo mchanga na kuuzuia usigandane na jirani zake hadi ujikunje. Joto likizidi, shaperoni nyingi zaidi hutengenezwa.

Dhana: Protini kuvunjwavunjwa ni dalili ya ugonjwa.

Seli yenye afya huvunja protini zake kila wakati, zilizoharibika na hata zilizo nzima ambazo muda wake umepita. Protini inayokusudiwa kuvunjwa hubandikwa vipande vya yubikwitini, protini ndogo yenye amino asidi 76, kisha huingizwa katika mtambo uitwao proteasomu na kukatwakatwa. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuufichua utaratibu huu. Seli za saratani ya mieloma, ambazo hutengeneza kingamwili, ambazo nazo ni protini, kwa wingi kupita kiasi, huutegemea mno, kiasi kwamba dawa ya bortezomibu, inayoizuia proteasomu, huziua.

Dhana: Nobel ya mwaka 2016 ilithibitisha kwamba kufunga kula husafisha mwili.

Yoshinori Ohsumi alituzwa kwa kufichua jinsi otofaji, yaani seli kumeng'enya sehemu zake yenyewe, inavyofanyika, na kazi yake ya msingi aliifanya kwenye hamira iliyonyimwa virutubisho. Wanaotaja saa maalumu za kufunga kwa jina lake wanamsingizia.

Dhana: Ukaguzi ukiwa mkali zaidi, afya huwa bora zaidi.

Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, kwa sababu ukaguzi wa seli, yaani kuzikamata na kuzivunja protini zilizojikunja vibaya, huangalia umbo la protini, wala haupimi kama protini hiyo ingefaa kwa kazi. Chukua ugonjwa wa sistiki fibrosisi, ambao wagonjwa wake wengi, hasa wenye asili ya Ulaya, wamekosa amino asidi moja tu, ya nafasi ya 508, katika protini inayopitisha kloridi kwenye utando wa seli. Protini hiyo hujikunja vibaya, hukamatwa mahali inapotengenezwa na kuvunjwa kabla ya kufika kwenye utando, ilhali chache zinazofika huweza kupitisha kloridi kwa kiasi fulani. Matokeo yake ni makamasi mazito yanayoziba mapafu. Tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 inachanganya dawa mbili zinazoisaidia protini kujikunja, elexacaftor na tezacaftor, na ya tatu, ivacaftor, inayouweka wazi mlango wake.

Dhana: Kila ugonjwa wa protini yenye kasoro ni ukaguzi ulioshindwa.

Selimundu, ambayo Tanzania na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, inakanusha dai hili. Himoglobini yake ina amino asidi moja iliyobadilika katika mnyororo wa beta, lakini hujikunja sawasawa na hubeba oksijeni. Ukaguzi hauna la kuikamatia. Madhara huanza inapoachia oksijeni, molekuli zake zinaposhikamana na kuwa nyuzi zinazoipinda seli.

Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachoikinga seli nyekundu ya damu dhidi ya kemikali zinazoiharibu, ni jambo tofauti, ingawa mara nyingi huwekwa kapu moja na selimundu. Katika aina iliyoenea Afrika, kimeng'enya hicho si imara, huharibika mapema, na seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu, yaani mitambo ya kuunga protini, za kuunda kingine. Kwa hiyo mwenye upungufu huo akipewa primakwini, dawa ya malaria inayozitia seli hizo msukosuko wa kemikali, seli kongwe ndizo hupasuka kwanza, na zile changa, zenye kimeng'enya bado, hustahimili.