Kahawa yetu haisomi kalenda, inasoma mvua

Kiangazi kinapoelekea kuisha, wakulima wa Masaka na Mukono, hapa Uganda, hunipigia simu na swali moja: kahawa itachanua lini? Wanataka tarehe. Nami huwarudishia maswali mawili: mvua ya mwisho ilinyesha lini, na vitumba vimefikia ukubwa gani? Ukinipa majibu hayo naweza kukukadiria siku. Bila hayo, hata profesa hawezi.

Shuleni tulifundishwa kwamba mimea hutambua majira kwa urefu wa mchana. Ni kweli, na ni ugunduzi mkubwa. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard, walieleza habari za tumbaku ya aina ya Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka tu kiangazi kizima bila kutoa ua. Walipoiingiza kwenye kibanda chenye giza kila siku ili kuufupisha mchana wake, ikachanua. Mwaka 1938 watafiti wengine, Hamner na Bonner, wakaonyesha kwamba kipimo chenyewe ni usiku: mwanga wa muda mfupi tu katikati ya usiku mrefu ulitosha kuzuia maua. Anayepokea mwanga huo ni protini iliyomo kwenye jani, fitokromu. Jani likisharidhika na urefu wa usiku, hutuma ujumbe mpaka kwenye ncha ya tawi, na ncha iliyokuwa ikizaa majani huanza kuzaa maua. Mikhail Chailakhyan wa Umoja wa Kisovyeti aliuita ujumbe huo florijeni katika miaka ya 1930. Ilichukua hadi 2007 kwa watafiti kuonyesha kwamba ni protini ndogo inayotokana na jeni iitwayo FT, inayosafiri kwenye mishipa ileile inayobeba sukari.

Sasa rudi Kampala. London mchana mrefu kuliko yote unauzidi ule mfupi kwa karibu saa 9. Kwetu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, tofauti haifiki dakika 5. Mmea unaotegemea urefu wa mchana utajuaje kama ni Machi au Julai?

Saa ya ndani ya mmea, ile inayopima usiku, haijafa, ila haina cha kusoma. Ushahidi uko kwenye mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Victoria, yanayokuza krisanthemu ili kuuza vipandikizi nje ya nchi. Krisanthemu huchanua usiku ukiwa mrefu, na usiku wetu wa saa 12 unaitosha mwaka mzima. Lakini shina lililokwisha kutoa ua halifai kwa kipandikizi. Kwa hiyo taa huwashwa usiku juu ya mimea mama, nayo huendelea kuzaa majani kana kwamba iko katikati ya kiangazi cha Ulaya. Kabichi nayo ina sharti lake: hudai wiki kadhaa za baridi kali kabla ya kutoa ua, baridi ambayo Kampala haipo. Ndiyo maana mbegu tunanunua kwenye pakiti zitokazo nje.

Kahawa imechagua njia nyingine. Majaribio ya kahawa aina ya arabika yalionyesha kwamba hutengeneza vitumba mchana ukiwa chini ya saa 13 hivi, maana yake hapa Uganda kahawa ina ruhusa ya kuvitengeneza wakati wowote. Shika tawi la mwaka jana, angalia pale jani linapoungana na tawi. Utakuta vitumba vya kijani vimesongamana, vimepakwa utomvu unaonata vidoleni. Hukua mpaka kufikia milimita 4 hadi 6, halafu husimama. Husimama wiki nyingi, na ukivitazama utadhani vimekufa. Hapo ndipo ukame unapofanya kazi yake, kazi ambayo wakulima wengi hawaihesabu. Kitumba kisichopitia kiu haki­wi tayari kuamka. Mvua nzuri ya kwanza ikishuka, maji hupanda ghafla kutoka mizizini, vitumba vinaanza kuvimba, na kati ya siku ya 7 na ya 12 shamba zima linakuwa jeupe, harufu yake kama ya yasmini. Baada ya siku mbili tatu maua yamenyauka.

Siku hizo mbili tatu ndizo zinazonisumbua. Robusta, aina ya kahawa ambayo ni mwenyeji wa misitu yetu, haiwezi kujichavusha. Chavua ya mti huohuo, au ya mti wa ukoo uleule, hukataliwa. Lazima itoke kwa jirani tofauti, kwa upepo au kwa nyuki, na jirani huyo lazima awe amechanua siku hiyohiyo. Mvua ya kwanza ndiyo mbiu inayowatoa wote nje kwa pamoja. Kwa hiyo nikikuta mtu amepanda eka nzima miche ya KR (robusta za kituo cha utafiti, kila moja na namba yake) ya namba ileile tu, kwa sababu jirani alimwambia ndiyo inayozaa sana, naumia. Kituza, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, zilitolewa namba kadhaa, na hupandwa zikiwa zimechanganywa.

Shida ya miaka hii ni mvua za kudonoadonoa. Kinyunyu kidogo Januari huamsha vitumba vilivyokwisha kukomaa, vingine vinabaki vimelala, kisha kinyunyu kingine kinaamsha sehemu yake. Unaishia na tawi moja lenye ua, tunda bichi na tunda jekundu. Mchumaji anarudi shambani mara nyingi, gharama inapanda, na asiyekuwa na pesa za vibarua anapukusa zote kwa mara moja. Hiyo ndiyo kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, iliyochanganyika na mbichi inayoshushwa bei dukani.

Wengi huniuliza kama kumwagilia kunasaidia. Kunasaidia, na Vietnam wanalima robusta kwa utaratibu huo, lakini muda ndio kila kitu. Ukimwagilia kidogokidogo wakati wote wa ukame, unainyima kahawa kiu inayoihitaji. Acha vitumba visimame kwanza. Vikishafika ukubwa wa punje ya mchele katika matawi mengi, mwagilia mara moja, maji mengi yanayofika mizizini, shamba zima ndani ya muda mfupi. Kama maji yako hayatoshi shamba zima, gawa shamba vipande, umalize kipande kimoja kabisa kabla ya kuhamia kingine. Halafu usipulize dawa ya wadudu mpaka maua yaanguke, nyuki wamalize kazi.