Tusk haikufeli, ilipimwa kwa kibaba cha Rumours

Wiki iliyopita vijana watatu ninaowarekodi hapa Sinza walikaa kwenye kochi la studio, kimya. Meneja wao alikuwa ametoka kuwaambia albamu ya pili iwe kama ile ya kwanza, ila kubwa zaidi. Kauli hiyo naijua. Kila kundi likibahatika mara moja, lazima mtu aje aiseme. Nikaacha kumiksi, nikawawekea Tusk, albamu ya bendi ya roki ya Fleetwood Mac.

Huwezi kuielewa Tusk bila iliyoitangulia. Rumours ilitoka Februari 1977, ikakaa namba moja Marekani kwa wiki 31, na mwaka uliofuata ikabeba Grammy ya albamu bora ya mwaka. Baada ya hapo kila mtu alisubiri Rumours ya pili. Lindsey Buckingham, mpiga gitaa na mmoja wa watunzi wao watatu, akakataa kata kata kuirudia. Oktoba 1979 ikatoka albamu ya sahani mbili, nyimbo 20, iliyokula zaidi ya dola milioni moja studioni. Dukani ilipangiwa dola 15.98, karibu mara mbili ya bei ya albamu ya kawaida.

Ikafika namba 4 Marekani na namba 1 Uingereza. Wimbo uliobeba jina la albamu, ambao bendi ya matarumbeta ya chuo kikuu cha USC ilirekodiwa ikiupiga ndani ya uwanja wa Dodger, Los Angeles, ulishika nafasi ya 8 Marekani. "Sara" wa Stevie Nicks, mwimbaji na mtunzi mwingine wa bendi, ukashika ya 7. Nakala kama milioni nne ziliuzwa duniani. Kwa bendi nyingine hiyo ni harusi, kwao waliotoka kwenye Rumours ikawa matanga.

Mpiga ngoma wao, Mick Fleetwood, aliwalaumu RKO, mtandao wa redio uliopiga albamu nzima kabla haijaingia sokoni, watu wakairekodi kwenye kanda majumbani. Sisi tuliokulia Dar ya kaseti tunaelewa uchungu huo. Deki moja inacheza, nyingine inarekodi, na jioni albamu iko mtaa mzima bila msanii kuona hata senti. Lakini mimi naona bei ndiyo iliyoumiza zaidi. Ukimwomba mtu alipe karibu mara mbili kwa muziki asiouzoea, atasita, na kanda ya bure ndipo inapopata nafasi.

Wahakiki waligawanyika. Jarida la muziki la Rolling Stone waliilinganisha na ile albamu ya Beatles ya 1968 yenye jalada jeupe: vipande vya watunzi mbalimbali kuliko kazi moja iliyoshonwa. Nakubaliana nao, na napenda hivyo hivyo. Buckingham ana nyimbo 9, Christine McVie, mtunzi wa tatu, 6, Nicks 5, na hawajaribu kufichana.

Sikiliza mwanzo tu. Wimbo wa kwanza, "Over & Over", ni McVie, taratibu, sauti laini, kila chombo mahali pake. Ukishatulia unaingia "The Ledge": gitaa limelegezwa nyuzi mpaka linafanya kazi ya besi, ngoma kavu kama mtu anagonga boksi, sauti zimerundikana mbele bila kupambwa, na dakika mbili tu zimekwisha. Prodyuza anayetaka kuuza salama angeuzika wimbo huo mwisho wa sahani ya pili. Wao waliuweka wa pili, ili aliyekuja kutafuta Rumours ajue mapema. Kwangu huo ndio ujasiri mkubwa wa albamu nzima, kuliko hata ule uwanja uliojaa matarumbeta.

Mwaka 1982 walirudi na Mirage, laini, karibu na njia ya zamani, ikakaa namba moja Marekani wiki tano. Hesabu zikarudi vizuri. Lakini Tusk ndiyo wahakiki wameendelea kuipandisha hadhi kadiri miaka ilivyosogea, na ndiyo mafundi wenzangu wa sauti wanayoirudia wakitaka kusikia chumba kilivyorekodiwa pamoja na mtu aliyekuwamo.

Vijana wangu waliomba "The Ledge" mara tatu. Kisha yule anayeimba sauti ya pili akatoa simu, akanichezea wimbo aliourekodi jikoni kwao, maji yanasikika yakichuruzika kwenye ndoo. Walikuwa wameuficha meneja asiusikie. Jumatatu tunaanza na huo, na nimewaambia yale maji hatuyatoi.